Mary Lou kwenye piano: chapa ya Romare Bearden na walimu waliomlea

Romare Bearden alichora wanamuziki maisha yake yote. Wamo wapiga gitaa wa mashambani wenye ovaroli na kofia za majani, wamo waimbaji wa blues, wamo wapuliza tarumbeta wa klabu za Harlem, New York, zimo bendi nzima zilizobanana hata huoni mkono wa huyu unaishia wapi na ala ya yule inaanzia wapi. Mwaka 1979 alitoa mfululizo wa litografia za jazz, na mojawapo inawaonyesha wapulizaji wakiwa Minton's, klabu ya Harlem ambamo mtindo wa jazz wa bebop ulilelewa miaka ya 1940. Ni kazi za kusisimua, na wanaozimiliki wana haki ya kujivuna. Lakini chapa yake ninayoipenda kuliko zote haina bendi wala jukwaa. Ni litografia ya mwaka 1984 iitwayo Homage to Mary Lou, yaani heshima kwa Mary Lou, na jina lake la pili ni The Piano Lesson, Somo la Piano.

Ni chumba cha nyumba ya kawaida. Binti ameketi kwenye piano. Karibu yake amesimama mwanamke mzima, amemwinamia mwanafunzi wake. Kuna dirisha, kuna pazia, kuna rangi kali zilizokatwa vipande vipande na kupangwa kana kwamba kila moja imesubiri zamu yake. Hakuna anayemtazama mtazamaji. Wawili hawa wana shughuli yao, nasi tumechungulia tu.

Mary Lou anayeheshimiwa hapa ni Mary Lou Williams, mpiga piano na mtunzi aliyezaliwa Atlanta mwaka 1910, akakulia Pittsburgh, na kufariki mwaka 1981, miaka mitatu kabla ya chapa hii kutoka. Katika mtaa wa East Liberty walimwita msichana mdogo wa piano, kwa sababu alianza kulipwa kwa kupiga kwenye sherehe za watu kabla hajafikia umri wa kuachwa nje usiku. Alijifunza akiwa amepakatwa na mama yake, aliyekuwa akipiga kinanda cha pampu nyumbani. Mama huyo alikataa kumpeleka mwanawe kwa mwalimu wa kukodi. Aliogopa kwamba akishazoea kusoma noti zilizoandikwa, atapoteza uwezo wa kupiga kinachotoka kichwani mwake. Badala yake aliwakaribisha wanamuziki nyumbani, mtoto akawasikiliza na kuwaiga.

Kwa hiyo Bearden alipoiita picha hii somo la piano alijua anachokisema. Alimaanisha somo la namna hii, la mtu kukaa jirani na mtu.

Mary Lou naye aliliendeleza. Alipata jina katika bendi ya Andy Kirk huko Kansas City, akawatungia na kuwapangia muziki Benny Goodman na Duke Ellington. Mwaka 1945 alitoa Zodiac Suite, utunzi wenye sehemu 12 zilizofuata alama za nyota. Lakini wanaoijua jazz kwa undani hukitaja kwanza chumba chake cha Hamilton Terrace, Harlem. Huko Thelonious Monk, Bud Powell na Dizzy Gillespie, vijana bado, walikuwa wakifika usiku wa manane baada ya kazi za klabu, wakaketi kwenye piano yake, wakamwonyesha walichokigundua, naye akawasahihisha. Miaka yake ya mwisho, kuanzia 1977, alifundisha Chuo Kikuu cha Duke, Durham, katika jimbo la North Carolina. Alifia huko huko akiwa bado mwalimu.

North Carolina ndiko alikozaliwa Bearden.

Kabla ya kumfuata huko, nitaje picha nyingine ambayo chapa hii inazungumza nayo. Mwaka 1916 Henri Matisse wa Ufaransa alichora The Piano Lesson, ambayo leo iko Museum of Modern Art, New York. Ni picha kubwa, ya kijivu. Mwanawe Pierre ameketi kwenye piano aina ya Pleyel, mbele yake kuna kipimamwendo chenye umbo la piramidi, na dirishani ukanda wa kijani unamwonyesha bustani asiyoruhusiwa kwenda kuchezea. Nyuma yake, juu kabisa, kuna mwanamke kwenye kiti kirefu. Ukitazama vizuri utagundua kwamba hata si mtu, ni mchoro mwingine wa Matisse uliotundikwa ukutani. Mtoto yuko peke yake na saa inamhesabia.

Bearden aliijua picha hiyo sawasawa. Alimheshimu Matisse, na mikato ya karatasi ya Mfaransa huyo ilimfunza mengi. Ila alipofika kwenye somo la piano alilipindua. Alimteremsha yule mwanamke kutoka ukutani akamleta kando ya mtoto. Nimewahi kuzitazama picha hizi mbili kwenye kitabu, moja ukurasa huu na nyingine ule, na sikuhitaji maelezo ya mtaalamu kuona kwamba mmoja alikumbuka muziki kama adhabu ya alasiri na mwingine aliukumbuka kama jambo linalofanyika nyumbani kwa watu wanaopendana.

Bearden alizaliwa Charlotte tarehe 2 Septemba 1911. Familia yake ilikuwa na nafasi kidogo kuliko majirani wengi weusi. Babu na bibi wa baba yake walikuwa na nyumba yao na duka. Lakini nafasi hiyo haikuwazuia kuondoka. Mtoto akiwa na umri wa kama miaka mitatu, wazazi wake, Howard na Bessye, walihamia kaskazini kama walivyofanya mamia ya maelfu ya weusi waliokimbia sheria za ubaguzi za Kusini. Walitua New York. Majira ya joto mtoto alirudishwa Charlotte, na ndiyo sababu treni zinapita nyuma ya picha zake nyingi, zikiwa ndogo, zikitoa moshi, hata mahali ambapo huzitegemei.

Nyumba ya Harlem ilikuwa njia panda ya watu. Mama yake alikuwa mwandishi wa New York wa gazeti la Chicago Defender, mwanamke wa siasa na mikutano, na mlango wake haukufungwa. Duke Ellington alifika pale. Fats Waller alifika. Langston Hughes na W. E. B. Du Bois walifika. Kijana aliyekulia hapo hakuwaona wanamuziki kwa mbali, wakiwa wameinuliwa jukwaani. Aliwaona wakila, wakibishana, wakiweka kofia kwenye kiti. Baba yake naye alipiga piano.

Halafu kulikuwa na Pittsburgh, mji uleule uliomlea Mary Lou. Bibi yake upande wa mama aliendesha nyumba ya kupangisha karibu na viwanda vya chuma. Wapangaji wake walikuwa wanaume waliotoka Kusini kutafuta mshahara, na walirudi kutoka kwenye tanuri wakiwa wamebabuka ngozi. Bearden alisimulia jinsi bibi yake alivyowapaka siagi ya kakao mgongoni ili walale. Alikuwa mvulana, alikuwa akitazama. Miaka 50 baadaye migongo hiyo ilikuja kukaa kwenye kolaji zake, yaani picha za vipande vilivyokatwa na kubandikwa pamoja.

Pittsburgh ndiko pia alikompata mwalimu wake wa kwanza wa kuchora, naye alikuwa mtoto mwenzake. Siku moja, katikati ya miaka ya 1920, wavulana wa mtaa, Bearden akiwemo, walimzonga mtoto aitwaye Eugene ambaye miguu yake ilikuwa imedhoofishwa na polio. Bibi akatokea, akawatawanya, akamchukua Eugene ndani. Muda si muda ikajulikana kwamba Eugene anachora. Bearden akaomba afundishwe, na bibi akawawekea meza ya kuchorea. Michoro ya Eugene ilikuwa ya ajabu: nyumba isiyo na ukuta wa mbele, unaviona vyumba vyote kwa mara moja na kila linalotendeka ndani yake. Bibi alipoitazama kwa makini aliuliza mtoto ameyaona wapi mambo hayo. Ilikuwa danguro, na Eugene alikuwa akiishi humo kwa sababu mama yake alifanya kazi humo. Bibi aliichoma michoro yote. Kisha akavaa, akaenda kwenye ile nyumba, akamtoa Eugene akaja naye kuishi kwake. Mtoto alikuja na njiwa wake. Alifariki baada ya kama mwaka mmoja hivi.

Mwaka 1978 Bearden alitengeneza kolaji ya mazishi yake, akaiita Farewell Eugene. Na ukizitazama kazi zake za vyumba, ikiwemo hii ya Mary Lou, utamwona Eugene: ukuta mmoja umeondolewa, nyumba imefunguka, unaingia bila kubisha hodi. Sijui mwalimu yeyote wa chuo aliyemwachia alama kubwa kuliko hiyo.

Walimu wa vyuo alikuwa nao pia. Alisoma Chuo Kikuu cha New York na kuhitimu shahada ya elimu mwaka 1935, akachorea katuni za siasa gazeti la Baltimore Afro-American, akahudhuria madarasa ya George Grosz, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, kule Art Students League. Alipata kazi ya ustawi wa jamii katika jiji la New York, na akaishikilia kwa vipindi hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu wa maisha yake, basi, mchoraji huyu alikuwa mtumishi wa mshahara aliyechora usiku na mwisho wa wiki. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja alivaa sare katika jeshi lililokuwa bado likiwatenga weusi. Mwaka 1950 alikwenda Paris kwa fedha za serikali zilizotolewa kwa askari waliorudi vitani.

Lakini somo lililobadilisha mkono wake lilitoka kwa mpiga piano, tena bila mpiga piano mwenyewe kujua. Mchoraji Stuart Davis, mpenzi mkubwa wa jazz ambaye hata mwanawe alimpa jina la Earl kwa ajili ya Earl Hines, alimshauri Bearden akasikilize rekodi za huyo Hines. Asisikilize noti tu, asikilize mapengo yaliyoachwa kati ya noti. Hines alizaliwa Duquesne, kando ya Pittsburgh. Mji ule tena. Bearden alizicheza rekodi hizo kwa muda mrefu mpaka, kama alivyosimulia, akaacha kuusikia wimbo na kuanza kusikia ukimya ulivyopangwa. Ndipo alipoelewa nafasi tupu kwenye karatasi. Vipande vyake vya rangi vinapumua kwa sababu alijua pa kuacha. Katika chapa ya Mary Lou mkono wa mwalimu, piano na dirisha havigombani, ingawa kila kimoja kina rangi inayotosha kumeza chumba kizima.

Kuna kipindi ambapo muziki ulikaribia kumchukua kabisa. Aliporudi kutoka Paris alishindwa kuchora, akageukia kutunga nyimbo. Mmojawapo, Seabreeze, aliotunga pamoja na wenzake, ulirekodiwa na Billy Eckstine na ukapendwa. Wengi wangeona huo ni mwanzo wa kazi mpya. Kwake ilikuwa njia ya kukwepa, na ilimfikisha kwenye kuugua kwa msongo. Mwaka 1954 alimwoa Nanette Rohan, mwanamke mwenye asili ya kisiwa cha Saint Martin, ambaye baadaye aliongoza kundi lake la ngoma za kisasa. Nanette alimrudisha kwenye brashi. Wakahamia Canal Street, jijini New York, na hapo ndipo kazi nyingi kubwa zilipotoka.

Mwaka 1963, wakati Marekani ikiandamana kudai haki za raia, Bearden na wachoraji wenzake weusi waliunda kundi la Spiral. Alipendekeza watengeneze kolaji moja kwa pamoja kutokana na picha za magazeti. Wenzake hawakuvutiwa. Akaendelea peke yake: macho kutoka kwenye picha hii, mikono mikubwa kutoka ile, kinyago cha Kiafrika hapa, treni kule. Mwenzake mmoja akashauri kolaji hizo ndogo zikuzwe kwa picha nyeusi na nyeupe. Maonyesho ya makuzo hayo, Projections, ya mwaka 1964, ndiyo yaliyomtoa. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Nataka msomaji alikumbuke hilo la makuzo. Jina la Bearden lilijengwa juu ya kazi ambayo kwa asili yake ilikuwa nakala. Ndiyo maana alipozama katika kuchapa, miaka ya 1970, hakuja kama mchoraji mashuhuri anayetaka kuuza picha yake ileile mara mia. Alikuja kama mtu aliyekwisha kuonja kinachotokea picha inapopita kwenye mashine ikatoka ikiwa kitu kingine.

Alikuwa na rafiki wa kumpokea. Robert Blackburn, aliyezaliwa mwaka 1920 kwa wazazi wa Kijamaika, alijifunza litografia akiwa kijana katika Harlem Community Art Center. Katika miaka ya 1940 alifungua karakana yake mwenyewe ya uchapaji jijini New York, na milango yake ilikuwa wazi kwa mweusi na mweupe, mwanafunzi na bingwa, wenyeji na wageni kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Alikuwa fundi wa juu kabisa. Nyumba ya uchapaji ya Tatyana Grosman, ULAE, ilipoanza kuwachapia akina Robert Rauschenberg na Jasper Johns, aliyeshika mashine alikuwa yeye. Yeye na Bearden walijuana tangu ujana wao wa Harlem.

Na kwenye mashine za chapa za asidi alikuwepo Mwafrika. Mohammad Omer Khalil alizaliwa mwaka 1936 katika mtaa wa Burri, Khartoum, akasoma sanaa huko huko, akaenda Florence, Italia, na mwaka 1967 akahamia New York. Khalil ni msanii mwenye jina lake, lakini pia aliwachapia wengine, na Bearden alikuwa mmoja wao. Waandishi wa sanaa humtaja kwa nusu sentensi. Mimi naona anastahili zaidi, kwa sababu chapa ya asidi, ambayo mistari huchimbwa kwenye bamba la shaba kwa kemikali, hufa au huishi mikononi mwa anayefuta wino. Ukifuta kupita kiasi, picha inapauka. Ukiacha wino mwingi, inafifia katika weusi.

Litografia, kama hii ya Mary Lou, inafuata njia tofauti. Iligunduliwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwaka 1796, na siri yake ni kwamba mafuta na maji havipatani. Msanii anachora kwa kalamu au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini, au juu ya bamba la chuma. Fundi anapaka mchanganyiko wa asidi kidogo na gundi ya arabiki, ile ambayo nyingi yake hugemwa kwenye migunga ya Sudan, ili sehemu zisizochorwa zishike maji. Jiwe linaloweshwa kwa sifongo, kisha rola yenye wino inapitishwa. Wino unang'ang'ania mchoro na kukataa kwenye maji. Karatasi inawekwa, mashine inakandamiza, karatasi inabanduliwa polepole kuanzia pembe moja.

Hiyo ni rangi moja. Kila rangi ina jiwe au bamba lake, na karatasi ileile lazima irudi mashineni kwa kila moja, ikikaa mahali palepale bila kusogea hata unene wa ukucha. Kwa mtu kama Bearden, ambaye rangi zake hukutana ukingo kwa ukingo, kosa dogo la kulenganisha linaacha ufa mweupe shavuni mwa mtoto. Fundi hutoa nakala za majaribio, msanii anasahihisha, wanarudia, mpaka ipatikane moja ambayo msanii anaitia sahihi kuwa ndiyo kipimo. Nakala zote zinazofuata hulinganishwa nayo, na isiyofanana inachanwa.

Kisha ndipo zinapokuja zile namba za penseli ambazo wanunuzi huzitazama kabla hata ya picha. Ukiona 27/100, maana yake toleo zima lina nakala 100 na hiyo ni ya 27. Namba ndogo haimaanishi ubora zaidi, maana mara nyingi nakala huhesabiwa wino ukishakauka na mpangilio umekwisha kuvurugika. Pembeni huwa kuna nakala chache za msanii, zenye herufi A.P., na za mchapaji. Toleo likitimia, jiwe husuguliwa kwa maji na chenga za mchanga mgumu mpaka mchoro ufutike, au bamba linachorwa mkwaruzo wa kulibatilisha.

Kwa nini kuwe na kikomo? Kwa bamba la shaba lenye mistari myembamba jibu ni la kiufundi: mashine hulila, na nakala za mwisho huwa hafifu. Jiwe la litografia ni sugu zaidi. Bango la Moulin Rouge ambalo Henri de Toulouse-Lautrec alimchora mnenguaji La Goulue mwaka 1891 lilichapwa nakala kama 3,000 likabandikwa kuta za Paris. Kwa hiyo kikomo cha litografia ni ahadi tu, ambayo msanii na mchapaji humpa mnunuzi. Ni ahadi yenye biashara ndani yake, na sioni aibu katika hilo; karakana hulipa pango. Kinachoniuma ni pale ahadi hiyo inapotumika kuficha ubovu. Siku hizi kuna picha nyingi zinazouzwa kuwa ni toleo lenye idadi maalumu na kumbe ni picha tu ya mchoro iliyotolewa kwenye printa, msanii akaletewa rundo la kutia sahihi. Anayetaka kununua aulize imechapwa na nani, kwenye karakana gani, kwa mbinu ipi, na azitazame rangi kwa lenzi. Vidoti vidogo vilivyopangwa kwa safu ni dalili ya mashine ya kunakili. Litografia iliyochorwa kwa mkono ina chembe zisizo na mpangilio, kwa kuwa jiwe lenyewe lina chembe.

Bearden aliipenda njia hii kwa sababu nyingine pia. Kolaji moja huishia kwenye ukuta mmoja, wa tajiri au wa jumba la makumbusho. Chapa inaingia sebuleni kwa mwalimu, kwa daktari wa mtaani, kwenye ofisi ya kanisa. Nchini Marekani kuna kizazi kizima cha familia za weusi wa tabaka la kati ambazo kazi yao ya kwanza ya sanaa ilikuwa chapa ya Bearden au ya Jacob Lawrence, iliyolipiwa kwa mafungu. Na alijali hatima ya wengine: mwaka 1969, pamoja na Norman Lewis na Ernest Crichlow, alianzisha Cinque Gallery ya kuwaonyesha wasanii chipukizi. Mwaka uleule wa chapa ya Mary Lou, 1984, alitengeneza ukuta mkubwa wa vigae, Pittsburgh Recollections, kwa ajili ya stesheni ya Gateway Center mjini Pittsburgh, mahali ambapo mpita njia haulizwi tiketi ya makumbusho.

Alifariki New York tarehe 12 Machi 1988. Wanamuziki hawajamwacha. Akiwa bado hai, albamu ya Wynton Marsalis ya mwaka 1986, J Mood, ilikuwa na kazi ya Bearden kwenye jalada. Mwaka 2003 National Gallery of Art ya Washington ilipofanya maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha yote, ya kwanza kwa msanii mweusi wa Marekani katika jumba hilo, Branford Marsalis alitoa albamu ya Romare Bearden Revealed, na ndani yake akaupiga Seabreeze.

Lakini mwanafunzi wake mkubwa alikuwa mwandishi wa tamthilia. August Wilson, mzaliwa wa Pittsburgh, alikutana na kitabu cha kazi za Bearden mwaka 1977 na akasema aliona humo maisha ya watu wake yakiwa na utajiri ambao hakuwahi kuuona ukionyeshwa. Kuna siku alikwenda hadi Canal Street akasimama nje ya jengo la Bearden, akashindwa kubisha hodi. Hawakuwahi kukutana, na alilijutia hilo kwa maandishi. Alichukua jina na wazo la Somo la Piano akatunga The Piano Lesson, iliyoigizwa kwanza mwaka 1987 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1990. Ni hadithi ya Pittsburgh ya mwaka 1936: kaka na dada, Boy Willie na Berniece, wanagombania piano iliyochongwa sura za wazee wao waliokuwa watumwa. Kaka anataka iuzwe anunue shamba, dada hataki iguswe.

Mwaka 2024 tamthilia hiyo ilitoka tena kuwa filamu, ikiongozwa na Malcolm Washington, na sasa inatazamwa hata na watu ambao hawajapata kusikia jina la Bearden. Aliyeitazama na ikamgusa aitafute na chapa. Akiipata, aanze na yule mwanamke aliyesimama: atazame alivyomkaribia mtoto bila kumshika mikono.